Simu ya Dada Haionekani

Dada yangu alikuwa anafunga begi chumbani. Gari la kumrudisha kazini lilikuwa linakuja baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimeinama mezani, mbele ya kompyuta, nikitazama mahali ambapo simu yake ilitakiwa itokee. Haikutokea. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka tena. Simu ikalia kale kamlio kake, ikaandika kwamba inachaji. Kompyuta ikanyamaza, kana kwamba haikuambiwa kitu.

"Bado?" Dada aliuliza kutoka chumbani.

"Bado."

"Hiyo kompyuta yako ya kujifunzia itatuzeesha."

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, imepita mikono mingi kabla ya kufika kwangu, na ilipofika ilikuwa inachukua muda wa kupika wali ndipo iwake. Mwalimu wetu wa darasa la jioni ndiye aliyeifuta yote na kuiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Tangu siku ile inawaka haraka, na mimi ndiye mtu pekee nyumbani anayeipenda. Mume wangu ni fundi umeme, hata mimi humwita Fundi, na yeye kompyuta hiyo aliibandika jina la Mgeni, kwa kuwa kila akiigusa anasema haimwelewi.

Kituo tunachosomea jioni kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha ukataji wa nguo, darasa la asubuhi. Mratibu wa kituo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema hataki vyeti tu. Kila anayeomba alete video ya somo moja, kuanzia kitambaa kitupu mpaka nguo ishike umbo, na mstari wa chaki uonekane. Siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa leo, jioni hii. Kazi ile niliitaka mpaka nikaiota. Kushona nyumbani nashona, lakini mteja anakuja akijisikia, na kazi ya mbali siwezi kuifuata kwa sababu ya mwanangu Kifaranga, ambaye bado ananyonya. Kituo kiko nyuma ya barabara yetu. Ningeweza kwenda naye.

Somo nilikuwa nimekwisha kulirekodi. Nilikata koti la mteja, la kola ya kugeuza, ile inayowatoa wengi jasho, na nikaeleza kila hatua huku mkasi unatembea. Dada alikuja kututembelea kwa siku chache akanishikia simu yake, maana kamera ya kwangu ina ufa katikati na kila ninachopiga kinatokea vipande viwili. Alilalamika mkono unakufa ganzi, lakini alishika mpaka mwisho. Koti lenyewe limeshachukuliwa na mwenyewe, amelivaa ameondoka nalo. Hapakuwa na kitambaa kingine wala muda mwingine.

Zilikuwa video tano ndefu, zote ndani ya simu ya Dada. Tulijaribu kuzituma kwa ujumbe, zikabanwa mpaka mstari wa chaki ukapotea, mtu angedhani nakata kwa kubahatisha. Simu yake haina sehemu ya kuweka kadi. Bluetooth ya kompyuta yangu ilikufa zamani. Kuzipandisha mtandaoni bando lisingetosha, na simu yangu imejaa. Ulibaki waya.

"Labda tundu lina uchafu," Dada alisema, akisimama mlangoni na blauzi mkononi.

"Nimeshalisafisha."

"Labda ukiizima ukaiwasha."

"Nimeshaizima nikaiwasha."

"Basi labda haitaki. Kompyuta za watu wengine ukichomeka simu inatokea yenyewe, hata hujakaa vizuri."

"Dada, funga begi."

Alicheka akarudi chumbani. Mimi nikaendelea kupambana. Mtandaoni nilikuta watu wamejaa tele wenye shida kama yangu, na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja anasema ongeza programu hii, nikaongeza. Mwingine anasema hiyo ndiyo mbaya, itoe uweke ile, nikaitoa nikaweka ile. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika nilichoambiwa niandike, herufi kwa herufi, na kompyuta ikanijibu kwamba haijaona kifaa chochote. Nikajaribu tena nikiwa nimebana pumzi, eti labda kelele zangu ndizo zinaikimbiza. Haijaona kifaa chochote.

Hasira zikaanza kunipanda pole pole, zile ambazo huna wa kumtupia. Kifaranga alikuwa amelala kwenye godoro dogo nyuma yangu, na kila akigeuka nilikuwa naganda, maana akiamka kabla sijamaliza ndiyo basi tena.

Nikafikiria waya. Waya wa Dada ulikuwa unachaji vizuri, lakini nikasema nisiwe mbishi, nijaribu mwingine. Nikatoka kwenda kwa jirani yetu Msusi. Alikuwa barazani amebana kichwa cha mteja kati ya magoti.

"Shoga, niazime waya wako wa simu kidogo."

"Uko ukutani hapo, chomoa. Wa kwenu umekufa?"

"Unachaji, ila kompyuta haiutaki."

"Ile ya Mgeni?" Jina lilishafika mpaka kwake. "Mama Kifaranga, si uache tu. Mimi ningeshaitupia ndoo ya maji."

Mteja wake akacheka, akavutwa nywele, akanyamaza.

Waya wa Msusi nao ukachaji tu. Nikaenda kwa Kinyozi, mwenye kibanda pale pembeni, nikaazima na wake. Ukachaji tu. Nikakaa chini nikaangalia nyaya tatu mezani, za nyumba tatu tofauti, na nikafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili zake angeufikia. Nyaya tatu haziwezi kuharibika pamoja. Simu ya Dada ni nzima, anaitumia mchana kutwa. Mbovu ni kompyuta. Mbovu ni Linux, na mimi niliyekuwa nikiitetea mbele ya watu wote ndiye mjinga.

Naandika haya na bado nahisi ule uchungu. Si kompyuta tu iliyoniuma. Nilisoma jioni nikiwa na mimba, nikasoma jioni nikiwa na mtoto mgongoni, nikajiambia kwamba na mimi sasa ni mtu wa kujua mambo. Na leo, siku nilipohitaji kujua jambo moja, sikulijua.

Nikampigia mwalimu. Nilitaka anielekeze namna ya kuifuta Linux na kurudisha ile programu ya zamani, potelea mbali kama itakuwa nzito.

"Usifute kitu," alisema. Nyuma yake nilisikia sufuria. Naye alikuwa jikoni kwake. "Panya wa kompyuta unao?"

"Ninao."

"Mtoe alipo, mchomeke kwenye tundu lile lile la simu. Anatembea?"

Nikamchomeka. Mshale ukatembea kwenye skrini. "Anatembea."

"Basi tundu ni zima. Sasa rudisha simu, fungua dirisha la amri, uandike ninavyokutajia." Akanitajia herufi moja moja: l, s, u, s, b. "Hiyo inaitaja kila kitu kilichochomekwa, kiwe kizuri au kibovu, kiwe na programu au hakina. Simu unaiona?"

Nikasoma mstari kwa mstari. Kamera ya kompyuta ilikuwepo. Simu haikuwepo.

"Haipo, mwalimu."

"Hata jina lake?"

"Hata jina."

"Basi kompyuta haina kosa. Simu haijafika mlangoni, itafunguliwaje? Ni waya huo."

"Mwalimu, nimejaribu nyaya tatu. Wa Dada, wa Msusi na wa Kinyozi."

"Mmenunua duka moja?"

"Hapana."

"Sasa hapo sijui," alisema, na sufuria ikalia tena. "Lakini ni waya. Ngoja nigeuze mboga."

Nikaweka simu yangu chini. Nikazitazama tena zile nyaya tatu, safari hii si kama mtu anayetafuta kitu cha kuchomeka, bali kama ninavyotazama nguo ya mwenzangu kujua imeshonwa na nani. Mmoja ulikuwa mweupe, mmoja mweusi, mmoja wa kijivu. Na kila mmoja, kiganja kimoja kutoka kichwani, ulikuwa na kitambi cha tepu nyeusi ya umeme. Tepu imezungushwa kwa kulala, tabaka juu ya tabaka, na ncha yake imekatwa mshazari ikachomekwa chini isijifungue.

Mkono ule naujua. Ndio uliofunga taa yetu ya jikoni, pasi yangu, na mguu wa kiti cha mtoto.

"Dada," niliita. "Waya wako ulikuja nao hivi?"

Akaja kuangalia. "Haukuja hivyo. Ulikuwa umeanza kuchanika, shemeji akasema mgeni wake hawezi kuondoka na waya wa aibu. Akanifungia juzi, ukiwa unamlaza Kifaranga. Mzuri kweli, si unaona unavyochaji?"

Nilichukua kifumulio changu cha nyuzi, nikaikata ile tepu. Ndani mlikuwa na vinyaya vinne. Chekundu kimeungwa na chekundu, cheusi na cheusi, kwa ustadi wa kusifiwa. Cheupe na cha kijani vilikuwa vimekatwa sawasawa, vikakunjwa kila kimoja upande wake, vikalazwa pembeni kama watoto waliofukuzwa mezani.

Nikampigia Fundi. Alichelewa kupokea, na alipopokea nikasikia upepo, nikajua yuko juu ya ngazi.

"Mke wangu."

"Waya wa Dada. Vile vyembamba viwili, cheupe na cha kijani, umevifanya nini?"

"Nilivikunja visigusane. Visikutie hofu, havina moto."

"Kwa nini hukuviunga?"

"Niviunge vya nini? Chekundu na cheusi ndivyo vinavyoleta chaji. Vile havina kazi, ni vya kujaza tu."

Nilifumba macho. "Baba Kifaranga, vile ndivyo vinavyobeba video zangu."

Nikasikia kitu kikigonga ngazi, kama koleo limemponyoka.

"Vile vyembamba hivyo?" alisema.

"Hivyo hivyo."

"Na hujazitoa bado?"

"Nimekaa hapa tangu asubuhi. Nusura niifute kompyuta mwenzio."

"Na wa Msusi nimeufunga hivyo hivyo," alisema, taratibu, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika. "Na wa Kinyozi. Na wa mwenye nyumba. Mke wangu, nimezifunga karibu zote za hapa."

"Najua. Nimezijaribu."

"Nishuke nije?"

"Utafika Dada keshaondoka. Niambie tu niviunge vipi."

"Rangi kwa rangi. Menya ganda kidogo tu, sokota, halafu uvitenganishe, kisiguse kingine. Taratibu, ni kama nywele." Akakohoa. "Wewe mikono yako myepesi kuliko yangu. Na usimwambie shemeji."

"Yuko hapa, anakusikia."

"Shemeji, nakusikia," Dada alisema karibu na simu. "Nikifika kwangu natangaza."

Nilivimenya vile vinyaya kwa ncha ya kifumulio. Nilikuwa na hasira, na hasira haifai kwa kazi ndogo. Cha kijani kikakatika, nikamenya upya. Nikasokota cheupe na cheupe, kijani na kijani, nikaweka kipande cha tepu kati yao, kisha nikafunga yote kwa uzi wa kushonea vifungo, mizunguko ya kubana kweli kweli, maana uzi nauamini kuliko tepu.

Nikachomeka. Simu ikalia, na safari hii ikauliza swali ambalo haikuwahi kuniuliza tangu asubuhi: nichaji tu, au nihamishe faili? Nikagusa kuhamisha faili. Kwenye kompyuta likafunguka dirisha lenye jina la simu ya Dada.

Ndani hamkuwa na kitu.

Nilikaribia kulia. Nikafunga dirisha, nikalifungua, tupu. Ndipo nikaona kioo cha simu kimezimika. Imejifunga, na ikijifunga haionyeshi ndani yake.

"Dada, namba yako ya siri."

"Ya nini?"

"Simu ikilala kompyuta haioni kitu."

"Lete niifungue mwenyewe. Na picha zangu usizipekue."

"Nina shida na picha zako mimi?"

Akaifungua, akabaki amesimama akikigusa kioo kila kikitaka kuzimika. Na hapo zikatokea. Video tano, zimepangana. Nikaziteua, nikazivuta kwenye folda yangu, na ule mstari wa kuonyesha mwendo ukaanza kujaa, kidogo kidogo, kama maji ya bomba la msimu wa kiangazi.

Nje honi ikapigwa.

"Gari langu," Dada alisema.

"Subiri kidogo."

"Wenyewe hawasubiri, unawajua."

Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Honi ikapigwa tena, ndefu, na Kifaranga akaamka akilia kwa ile sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Ya tatu ikaingia, na ya nne. Nikamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, wa pili nimebana kiungo cha waya kisicheze. Alirusha mguu mmoja tu, wa kunyoosha usingizi, ukapata waya. Dirisha likafungika. Mstari ukapotea.

Ilikuwa ya tano. Kola yenyewe, pale ninapoigeuza. Bila hiyo, zile nne zingekuwa hadithi ya mtu aliyekata kitambaa akaenda zake.

"Dada, dakika chache, nakuomba."

Dereva alikuwa ameshakuja mpaka barazani. "Mama, abiria wamekaa. Twende au nikuache?"

Dada alinitazama, akamtazama dereva. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi na ana ile sauti ambayo watu wazima huitii bila kuuliza. Akaja akamchukua Kifaranga kwangu, akatoka naye nje, akamweka mikononi mwa dereva.

"Mshikie huyu kidogo, kaka. Kichwa kikae hapo kwenye kiwiko. Hivyo hivyo."

"Mama, mimi naendesha gari," dereva alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekupa wewe."

Abiria walianza kucheka garini. Dereva akabaki amesimama barazani, mabega yameganda, na Kifaranga akaacha kulia akamshika ndevu. Huwezi kuondoa gari na mtoto wa watu mkononi, na wala huwezi kumweka chini kwenye zege.

Dada akarudi, akaifungua simu, akaishika. Mimi nikachomoa, nikachomeka, nikajibu lile swali upya, nikaiteua video moja tu na kuivuta. Nilibana kile kiungo kwa vidole viwili mpaka kucha zikawa nyeupe. Mstari ulijaa nusu ukasimama, nami nikasimama nao, halafu ukaendelea. Nje dereva alikuwa anaulizwa na abiria kama ameongeza familia, na yeye anawajibu wanyamaze wasimshtue.

Ukajaa. Nikaifungua ile video kuhakikisha. Mstari wa chaki ulikuwa pale, mweupe, mwembamba, unapinda shingoni kama nilivyoupinda, na sauti ya Dada ikasikika ikisema mkono wake umekwisha.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia."

Alinibusu kwenye paji la uso, akachukua simu yake, begi na ule waya wenye uzi wangu wa vifungo, akaenda kumkomboa dereva.

Jioni nilikwenda kituoni na flashi mfukoni na Kifaranga mgongoni. Mratibu aliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, akatazama zote tano. Mimi nilikaa kwenye ncha ya kiti. Kwenye kola alirudisha nyuma, akatazama tena, akasogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Hapa kwenye shingo, mbona chaki umeipitisha nje ya kipimo?"

"Kitambaa kile kinajivuta kikigeuzwa. Ukikata kwenye kipimo chenyewe, kola inasimama badala ya kulala."

Akaitika kwa kichwa. Akaandika kitu.

"Jumatatu asubuhi unaweza kuanza?"

"Naweza," nilisema. "Ila nitakuja na huyu."

Alinyoosha shingo kumtazama mgongoni kwangu. "Anatembea?"

"Anatambaa."

Akafikiri kidogo. "Basi itabidi tuwe tunaokota pini kabla ya somo," alisema, akanirudishia flashi yangu.